Zilipendwa Wasiopasha Kiporo

Kuna video moja ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko hata video ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Ni ya tuzo za Oscar, tarehe 24 Februari 2008, kule Los Angeles. Anatafutwa mshindi wa wimbo bora wa filamu. Nyimbo ni tano, na tatu kati yake zinatoka kwenye sinema moja ya Disney, Enchanted, yenye pesa za kufuru nyuma yake. Halafu anaitwa jamaa mmoja mwenye ndevu za rangi ya kutu kutoka Dublin, na binti wa Kicheki mwenye miaka 19, siku nne tu kabla hajatimiza 20.

Jamaa ni Glen Hansard. Anaongea kwanza, kwa furaha ya mtu ambaye bado hajaamini. Binti, Markéta Irglová, anasogea kwenye maikrofoni, anafungua mdomo, na papo hapo okestra inaanza kupiga ule muziki wao wa kufukuzia watu jukwaani. Anaondoka bila kusema hata asante. Baada ya matangazo ya biashara mshereheshaji, Jon Stewart, anafanya kitu ambacho si kawaida kabisa kwa Oscar: anamrudisha binti jukwaani amalizie yake. Anasimama peke yake, mtulivu kama vile yuko sebuleni kwao, anaongea kuhusu matumaini na wanamuziki wanaojihangaikia wenyewe. Jamani, mimi huwa nalia hapo kila mara.

Usiku ule walikuwa wapenzi. Kufikia mwaka 2009 hawakuwa wapenzi tena. Na Julai 2025, miaka 16 baada ya albamu yao iliyotangulia, wametoa nyingine, wawili hao hao, kwa jina lile lile la The Swell Season. Glen sasa ana mke, mshairi kutoka Finland, na mtoto mdogo wa kiume. Markéta anaishi Iceland na mume wake, na ni mama wa watoto watatu.

Najua unachofikiria, mpenzi msomaji. Hata mimi nilikifikiria hicho hicho. Wamepasha kiporo.

Kwetu sisi zilipendwa ni zilipendwa. Neno lenyewe linafanya kazi mbili, ni nyimbo za zamani na ni mpenzi wa zamani, na vyote viwili tunaamini vinafaa kusikilizwa kwa mbali, Jumapili mchana, redio ikiwa chini. Mtu akianza kukutana na zilipendwa wake "kikazi", mashosti wanakonyezana. Ndiyo maana stori ya hawa wawili imenikaa kichwani mwaka mzima, na kuna sababu nyingine nitakayokwambia.

Tuanze na filamu. Inaitwa Once, ilitoka kwenye majumba ya sinema mwaka 2007, na imepigwa katika mitaa ya Dublin kwa siku 17 tu. Mwongozaji, John Carney, aliwahi kuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi ya Glen, The Frames. Bajeti ilikuwa kama dola 150,000 hivi, hela ambayo Hollywood inaishia kwenye chakula cha mchana. Walitumia lenzi za kuvuta mbali ili wapita njia wasijue kuna kamera. Mwanaume anapiga gitaa mtaani na kutengeneza mashine za kusafishia mazulia, mwanamke ni mhamiaji anayeuza maua na anajua kupiga piano. Hawana hata majina. Wanatunga nyimbo, wanarekodi, wanapendana bila kutamka, na mwisho kila mtu anashika njia yake, mwanamke akiwa na mume na mtoto, mwanaume akiwa na tiketi ya London. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 20 duniani.

Wimbo uliowapeleka Oscar, Falling Slowly, ukiusikiliza vizuri ni somo la namna watu wawili wanavyoweza kukaa kwenye sentensi moja. Glen anaanza chini, karibu ananong'ona. Markéta anaingia na sauti ya pili, juu kidogo, haimfukuzi wala haimfuati nyuma. Niliwahi kuimba kwaya, sauti ya pili, kwa hiyo hapa naongea kwa uzoefu: sauti ya pili si kupamba. Ni kusikiliza. Unatakiwa kujua mwenzako atavuta pumzi wapi, atakata neno wapi, leo ana koo bovu au ana hasira. Ukipata mtu ambaye pumzi zenu zinakutana, hufundishi mwingine kwa wiki mbili. Na huyo mtu hana lazima ya kuwa mpenzi wako. Wala hana lazima ya kutokuwa.

Sasa hapa hawa wawili walikuwa vyote. Walikuwa wanafahamiana miaka mingi kabla ya filamu, Glen akiwa rafiki wa familia ya Markéta huko Czech tangu Markéta akiwa na miaka 13. Kati yao kuna tofauti ya karibu miaka 18. Sehemu hiyo ya stori hainikalii vizuri na sitaipamba, hata kama mapenzi yenyewe yalikuja baadaye, wakati wa filamu na safari zake. Ukitazama ile filamu ya maisha yao iliyotoka mwaka 2011, yenye jina la bendi, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, unaona jinsi umri ule ulivyokuwa na uzito. Yeye Glen aliacha shule na miaka 13 akaenda kupiga gitaa mtaani, amesubiri kutambuliwa tangu The Frames ianze mwaka 1990. Gitaa lake limetoboka tundu kwa kupigwa. Kwake Oscar ni mvua baada ya kiangazi. Kwa Markéta ni kitu kilichomwangukia kabla hajajua yeye mwenyewe ni nani, na hana raha na umati, picha na kelele. Kamera ziliingia kufuatilia ziara ya washindi, zikajikuta zinafuatilia watu wanaoachana.

Na walipoachana hawakuacha kuimba, hapo ndipo ninapowavulia kofia na kuwaonea huruma kwa pamoja. Albamu ya Strict Joy ilitoka Oktoba 2009, imejaa mambo ya kuachana, na waliizungusha duniani wakiwa wameshaachana. Fikiria mwenyewe: kila usiku unasimama hatua mbili kutoka kwa mtu aliyekuwa wako, mnaimba kuhusu kilichowavunja, watu wanapiga makofi, kisha mnapanda basi moja kwenda mji mwingine. Mimi nisingeweza hata wiki. Baada ya hapo wakatawanyika. Kila mmoja akatoa albamu zake. Once ikageuzwa kuwa tamthilia ya muziki, ikafika Broadway mwaka 2012 na kubeba tuzo 8 za Tony, kwa hiyo nyimbo zao ziliendelea kuimbwa na watu wengine, kila usiku, wenyewe wakiwa mbali. Hiyo nayo lazima iwe na utamu na uchungu wake.

Sasa ile sababu nyingine.

Mtu aliyenipa Once ni zilipendwa wangu. Tulikuwa chuo, hosteli, yeye anasoma sanaa za maonyesho mimi mawasiliano ya umma, na filamu ilikuja kwenye flashi pamoja na noti za mtihani na nyimbo kama mia tatu. Tukawa tunaandika pamoja michezo ya redio. Tulipomaliza chuo tulipata kazi moja nzuri, vipindi 26 vya afya ya vijana kwa shirika fulani. Yeye alijua kufungua onesho, mimi nilijua pa kulikata. Alikuwa anaandika ukurasa mzima mtu anaomba msamaha, mimi nabakiza mistari miwili, halafu anasoma, ananuna, anacheka. Sijawahi kuandika na mtu mwingine hivyo. Nimehariri watu wengi tangu wakati huo, wengine wana majina makubwa, lakini ile ya kujua mwenzako atavuta pumzi wapi, hapana.

Mwaka 2016 alihamia Mwanza kikazi. Kabla mwaka haujaisha nikasikia kwa watu, siyo kwake, kwamba ana mtu. Sikumpigia. Nilifuta namba. Mwaka 2019 nikaolewa na mwanaume ambaye hajui kuandika barua ya likizo bila kunipa nimharirie, na nampenda kwa hilo na mengine mengi.

Halafu mwaka huu ukaingia ujumbe kwenye simu: "Habari za siku nyingi dada. Nina mchezo wa redio, vipindi 12, nimeshaandika vinne. Haviendi. Nakuhitaji kwenye kukata."

Dada! Nilikaa na hilo neno siku nzima. Kwetu mwanaume akikuita dada baada ya yote yale, amepiga mstari. Amekupa heshima na amekufungia mlango kwa wakati mmoja, na ukiwa mkweli na nafsi yako utaona kwamba hata mlango ambao huutaki ukifungwa mbele yako unasikia mlio wake.

Jioni nikamwonesha mume wangu simu. Akasoma. Hakuuliza ni nani, jina analijua. Akauliza kitu kimoja tu.

"Ile filamu ya yule dada aliyerudishwa jukwaani, ni huyu aliyekupa?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa najua."

Akaenda kuoga. Siku mbili nyumba ilikuwa na adabu kupita kiasi, mwenye ndoa anaielewa hali hiyo. Chai inakuja na kisahani. "Samahani, naomba chumvi." Mimi ningependa mtu anipigie kelele kuliko kuniomba chumvi kwa samahani.

Katika siku hizo mbili ndipo nilipozama kwenye stori ya hao watu wa Iceland, na nikasoma kitu kilichonifanya nikae vizuri. Walirudi jukwaani kwa ziara mwaka 2023, wakaja na wimbo mpya, The Answer Is Yes, na watu wakadhani ni kumbukumbu tu, wanachuma kwenye jina la zamani halafu basi. Lakini wakaendelea. Wakaenda kurekodi albamu nzima, nyimbo nane, na wakaipa jina la Forward, yaani mbele. Walirekodi wapi? Kwenye studio ya Markéta na mume wake huko Iceland. Na aliyekaa kwenye mitambo ni nani? Mume. Sturla Míó Þórisson, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo ya kutengeneza muziki, ndiye aliyeizalisha albamu.

Hebu fikiria hicho chumba. Mke wako yuko upande wa pili wa kioo na mwanaume ambaye dunia nzima iliwahi kulia kwa sababu ya mapenzi yao. Kuna wimbo humo unaitwa People We Used to Be, watu tuliokuwa zamani. Wewe ndiye unayeshika vitufe. Ni wewe unayesema rudieni hapo, sauti hazijakutana. Maana yake ni wewe unayewaomba wakutane vizuri zaidi!

Sidai kwamba kila mwanaume anaweza, na wala simlaumu asiyeweza. Ila nimeona tofauti yake na mambo tunayoyazoea. Kawaida mwenza wa sasa anawekwa nje: "hii ni kazi tu, haikuhusu." Anabaki kusikia vicheko kwenye simu na kujaza mwenyewe yasiyosikika. Wale hawakumweka nje. Na muziki wenyewe unaonesha. Ukisikiliza albamu hii baada ya Strict Joy, ile ya mwanzo ina watu wawili wanaovutana shuka, hii ina watu wazima wawili, kila mmoja amekuja na nyimbo zake, za ndoa yake na watoto wake, na mwenzake anamwitikia. Glen anaimba maisha ambayo Markéta hayumo ndani yake, na Markéta ndiye anayemshikia sauti ya pili. Kama hilo si gumu kuliko mapenzi, basi sijui.

Kuna waliotakiwa kupata urahisi zaidi na hawakuupata. The Civil Wars, wawili wa Kimarekani, Joy Williams na John Paul White, hawakuwahi kuwa wapenzi. Kila mmoja alikuwa na ndoa yake tangu mwanzo, waliimba kama wapenzi lakini ilikuwa ni kuimba tu. Walibeba tuzo nne za Grammy. Mwishoni mwa mwaka 2012 wakakatisha ziara, wakisema wamepishana malengo na hawasuluhishiki. Albamu yao ya 2013 ilifika namba moja Marekani wakati wao hawako pamoja kuitangaza, na mwaka 2014 wakatangaza rasmi kwamba bendi imekufa. Kwa hiyo ile imani kwamba mapenzi ndiyo yanayoharibu kazi, mimi siichukui kirahisi. Hawa hawakuwa na mapenzi ya kuharibu chochote na bado hawakuweza kukaa chumba kimoja.

Siku ya tatu nikamsimulia mume wangu habari ya Iceland, tukiwa kwenye foleni ya Mwenge, mahali pazuri kuongea maana hakuna pa kukimbilia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka mimi nikae kwenye mitambo?"

"Nataka uwepo."

"Mimi sijui redio."

"Najua."

Gari la mbele likasogea kama mita mbili. Akasogea. Kisha akasema, taratibu, kwamba kazi haina shida. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote hii aliitazama ile video pamoja na mimi akidhani ni kitu changu peke yangu. Hilo sikuwa na la kulijibu, na nadhani hakuhitaji jibu. Nilimshika mkono juu ya gia mpaka Bamaga.

Masharti tuliyaweka wawili, kabla sijajibu ujumbe. Kazi ifanyike nyumbani kwetu, Jumamosi mchana. Mchumba wake aambiwe, na kama anataka aje naye. Simu za kazi ni za mchana. Hatuandiki kuhusu sisi, hata kwa kuficha majina, kwa sababu mimi naijua mikono yake. Malipo kwa mkataba, tena wa maandishi, maana urafiki wa zamani unapenda sana kufanya kazi bure.

Nikamjibu: "Asante kaka. Njoo Jumamosi na mchumba." Nilimrudishia neno lake.

Walikuja saa nane. Yeye amenenepa kidogo, mchumba wake ni mwalimu wa sekondari, mcheshi, alikuja na maembe. Mlangoni nilikuwa najiuliza hawa wanaume wawili wataitanaje, kwa sababu Kiswahili hakikuachii usalimiane na mtu bila kumpa cheo. Mume wangu amemzidi miaka minne. Jamaa akanyoosha mkono.

"Shikamoo shemeji."

Kidogo nicheke kwa sauti. Lakini si ndivyo? Kama mimi ni dada, basi yule ni shemeji, hesabu imekubali. Mume wangu alimtazama kidogo, kama anapima uzito wa kitu, kisha akaitikia marahaba na kumwambia apite, chakula bado kiko jikoni.

Tuko kipindi cha saba sasa. Sitasema ni kama zamani, kwa sababu si kama zamani. Zamani tulikuwa tunabishana mpaka usiku wa manane na kupatana kwa njia ambazo hazihusiani na uandishi. Sasa saa kumi na mbili jioni mtu anafunga kompyuta yake na kuaga. Kuna Jumamosi kazi inaenda nikajisikia mwepesi kama nina miaka 23, na kuna nyingine moja ambapo mchumba wake alinyamaza ghafla mezani na sote tukajifanya hatujaona. Wiki iliyofuata nilimpigia mimi mwenyewe, tukaongea karibu saa nzima, ya kwetu wanawake. Akanieleza kilichomchoma, kilikuwa ni kicheko, siyo neno. Nikamwelewa kabisa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na onesho la mwanaume na mwanamke wanaokutana stendi ya Mbezi baada ya miaka kumi, kila mtu ana basi lake. Yeye kama kawaida alikuwa amempa mwanaume hotuba, ukurasa na nusu. Nikakata. Akanuna. Nikakata tena, ikabaki mistari mitatu, na bado ilikuwa inasikika kama hotuba. Tukausoma kwa sauti mara nne, tukakwama.

Mume wangu alikuwa anageuza mishikaki upande wa dirishani, na kwa kweli nilidhani hasikilizi.

"Bakizeni ule wa kwanza tu, shemeji," akasema. "Mwanaume akishamuuliza kama amekula, hana lingine la kusema pale."

Tukausoma hivyo. Mwanaume anauliza, mwanamke anasema amekula, honi ya basi inapigwa. Jamaa akaangalia karatasi, akaniangalia, akafuta iliyobaki.